Mkwe Aliyenitia Kwenye Shairi

Mwalimu wetu wa ngumbaru alituambia kila mmoja aandike maisha ya mtu anayemjua. Wenzangu wote wameandika juu ya mama zao waliokufa. Hiyo ni kazi rahisi, maana marehemu hawezi kukuuliza mbona umesema hivi. Mimi naandika juu ya mkwe wangu, Mwalimu Wahome, aliyeoa binti yangu Edinah. Yeye yuko hai. Anafundisha Kiswahili katika shule ya upili ya kanisa letu, hapa nje kidogo ya Bungoma, na akitaka kujibu anajua nyumba yangu iko wapi, hata kama haruhusiwi kuingia.

Watu wanamsifu sana, ati mwalimu mwenye kichwa. Huwa nawaacha wamalize, kisha nawauliza kama wamewahi kumwona ameshika jembe. Hapo wanaanza kuongea juu ya bei ya mafuta ya taa.

Alizaliwa upande wa Kitale. Baba yake, Mzee Gicheru, alitoka Nyeri kitambo, akanunua shamba karibu na Moi's Bridge, akawa mkulima na mfanyabiashara wa mahindi. Gicheru namheshimu. Ni mtu wa kuuma punje moja tu na kukuambia kama gunia zima lina unyevu. Lakini mwanawe alipotumwa kulinda magunia kwenye lori, alipanda juu yake na kitabu cha mashairi, akasoma mpaka lori likaondoka naye. Dereva alimgundua Eldoret wakati wa kupakua. Alikuwa anahesabu kwa vidole. Si magunia aliyokuwa akihesabu, ni silabi. Hadithi hii watu wa kwao huieleza wakicheka, kana kwamba ni jambo la kupendeza. Mimi nilipoisikia mara ya kwanza nilimwangalia Edinah tu.

Edinah alikuwa Kitale akijifunza ushonaji. Ndipo walipokutana, huyu kijana akiwa ametoka chuo cha ualimu juzi juzi, viatu vinang'aa, mfukoni hamna kitu. Akaanza kumwandikia mashairi. Edinah alikuja nayo nyumbani, akanisomea moja, lote juu ya macho yake na shingo yake. Nikamuuliza kama kuna mahali limesema mtakula nini. Akakunja karatasi yake.

Kuna watu walidhani simtaki kwa sababu ni Mkikuyu. Hao hawanijui. Nilikuwa na sababu za kutosha bila kugusa kabila la mtu.

Siku walipomleta kwetu ndipo nilipomwona mtu mwenyewe. Kwetu Wabukusu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja wakiangaliana usoni, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Mtoto mdogo analijua hilo. Baba yake alielezwa, wajomba zake walielezwa, na nina hakika yeye pia alielezwa, ila alikuwa anafikiria mambo yake. Akashuka kwenye gari, akanijia moja kwa moja mbele ya wazee wote, akaninyooshea mkono, ati habari yako Mama.

Wanawake walijifunika nyuso kwa leso. Mimi niligeuka nikaingia jikoni. Mzee Gicheru akaongeza kondoo mwingine wa kulipia kosa hilo palepale bila kubishana, kwa sababu yeye anajua kuishi na watu. Mwanawe, badala ya kunyamaza, akamuuliza dada ya marehemu mume wangu mila hiyo ina sababu gani. Alisema anataka kuelewa. Nikamtuma huyo shangazi akamwambie sababu ni kwamba mimi ndiye mama yake Edinah na nimesema. Akajibu kwamba hiyo si sababu.

Hivyo ndivyo alivyo. Kila kitu lazima kiwe na sababu, na sababu lazima impendeze yeye.

Walioana. Akaletwa kufundisha hapa kwetu, wakapewa nyumba ya walimu, na Edinah akafungua duka la kushona nguo mjini Bungoma. Duka likashika. Sare za shule mbili tatu zinatoka kwenye cherehani zake. Mwalimu naye akawa anapita njia ile ile ninayopita mimi kwenda kisimani. Sasa tukikutana anaingia kwenye mahindi, lakini anaingia vibaya, anavunja mabua, na akiwa humo ndani anaendelea kunisalimia kwa Kiswahili cha redioni, ati Mama, natumai umeamka u buheri wa afya. Unasikia mahindi yanaongea. Watoto wa jirani walikuwa wakija kusikiliza.

Kanisani ni vilevile. Anakaa kiti cha mwisho, anasahihisha madaftari mahubiri yakiendelea. Akiulizwa anasema Mungu alimpa akili ili aitumie, si ili aiache mlangoni pamoja na mwavuli. Maneno ya namna hiyo yanamfurahisha yeye mwenyewe kwanza, unamwona anavyotabasamu kabla hujamaliza kuyasikia.

Nisiseme mabaya ya mmoja nikamwacha mwingine. Mchungaji wetu, Barasa, ni mtu wa sauti kubwa na suti ya rangi ya maziwa yaliyolala. Kila Jumapili anakemea mila, anaziita kamba za shetani. Shamba lake liko kando ya kanisa, udongo mweusi mzuri, na kila msimu limejaa magugu mpaka kiunoni, kwa sababu anasubiri vijana wa kanisa wamlimie bure, na vijana wa kanisa si wajinga. Huyu na mkwe wangu hawapatani. Mmoja anasema imani, mwingine anasema akili, na shambani huwaoni wote wawili.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwaka wa 2005, mwezi wa tatu uliingia bila wingu hata la kudanganya. Watu waliweka mbegu zao ndani wakasubiri. Mimi nilitoka na jembe nikapanda kwenye vumbi. Kupanda kavu si jambo geni huku, watu hufanya wakiona mvua imekaribia, ila mwaka huo hakuna aliyeiona popote. Majirani walisimama barabarani wakicheka. Kuna mmoja alishuka kwenye baiskeli kabisa, akaiegemeza kwenye ua wangu, ili acheke vizuri.

Wahome akamtuma Edinah aniletee utabiri wa hewa, ati wataalamu wamesema mvua itachelewa na mbegu zitaliwa na mchwa. Nikamwambia Edinah amrudishie mwenyewe habari zake. Jumapili mchungaji naye akanisimamisha mbele ya watu, akasema mama huyu amepanda kwa imani, huyu ndiye Nuhu wetu. Nikasimama pale kama mbuzi wa mnadani. Mmoja anasema sina akili, mwingine anasema nina imani, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza.

Mvua ilikuja. Mchwa walikula sehemu yao, nikarudishia mbegu kwenye mapengo, mengine yote yakaota vizuri. Nilidhani maneno yameisha hapo.

Muhula wa pili, mkwe wangu akawapa wanafunzi wa kidato cha tatu zoezi la kuelewa shairi. Hakuchukua shairi kitabuni kama walimu wengine. Alitunga lake. Akaliandika ubaoni, na chini yake maswali, la mwisho likiuliza: je, imani na akili zinaweza kukaa nyumba moja? Toa sababu. Wazazi wameuza ng'ombe kulipa karo, mtoto anarudi nyumbani na swali kama hilo.

Rosaline, binti ya mchungaji, alikuwa katika darasa hilo. Alifanya zoezi mezani kwao, akisoma shairi kwa sauti kama alivyofundishwa. Baba yake alikuwa anakula. Nasikia aliacha kula, na kwa mtu anayemjua Mchungaji Barasa hilo peke yake linatosha kuonyesha uzito wa jambo.

Kesho yake akanijia. Alikaa kwenye kiti kizuri, nikampa chai na viazi vitamu, akatoa karatasi. Mimi kusoma nasoma, kwa kidole na polepole, lakini hakunipa karatasi mkononi. Alinisomea mwenyewe kwa ile sauti ya madhabahuni:

Namwona bibi shambani, jua kali linawaka,
Apanda mbegu vumbini, mvua haijafika,
Majirani wa pembeni, wamesimama, wacheka,
Ni imani au nini, ama akili zaruka?

Akakunja karatasi, akairudisha mfukoni.

"Mama Edinah," akasema, "hapa kwetu kuna bibi mwingine aliyepanda vumbini?"

"Hakuna."

"Basi ndiyo hiyo. Watoto darasa zima wanapiga mstari chini ya akili zako."

Sitadanganya kwamba nilikaa vizuri kitini. Kuchekwa barabarani ni jambo la siku moja, mtu anacheka anaenda zake. Huyu alikuwa amenicheka ubaoni, kwa chaki, na watoto wakanakili. Mchungaji akaona vile nilivyobadilika, akasogeza kiti. Akaeleza kwamba bodi ya shule itakaa Jumamosi kanisani, na kwa kuwa kanisa ndilo mfadhili wa shule, kanisa likisema mwalimu fulani hatufai, mwalimu huyo anaondolewa. Tena nafasi iko. Kuna shule upande wa Kapsokwony, huko juu mlimani, inatafuta mtu wa Kiswahili. Kilichobaki ni mimi tu kufika na kusema nimetukanwa. Wakiwa na neno la mama mkwe mwenyewe, hakuna atakayembishia.

Nikasema nitakuja. Akamaliza viazi, akauliza kama viko vingine.

Edinah alikuja siku hiyo hiyo, mbio, na utepe wa kupimia nguo bado uko shingoni. Hakukaa.

"Mama, ukisema hilo neno tunahama."

"Kapsokwony pia kuna watu."

"Na duka langu? Nilibebe kichwani nipande nalo mlima?"

"Ungemuuliza mume wako hayo kabla hajaanza kunitungia."

"Si alikuwa anakusifu, Mama. Hukuelewa."

Hapo aliharibu kabisa. Nikamwambia kama sifa ni kuambiwa akili zimeruka, basi akamshonee mume wake nguo ya sifa hizo avae yeye. Akaondoka analia kwa hasira, si kwa huzuni, namjua. Nilikaa nikiosha vikombe. Kama angeenda Kapsokwony angekuwa anakuja Krismasi na Pasaka, na mtoto akija kuzaliwa nimwone kwenye picha. Hilo nililijua vizuri bila kukumbushwa na mtu mwenye utepe shingoni. Lakini Jumamosi nilivaa nguo yangu ya kanisa nikaenda.

Sasa tazama mchungaji wetu, adui wa mila. Watu wa bodi wamekaa, mwalimu mkuu yuko, Wahome yuko kwenye kiti cha mbele na viatu vyake vinang'aa, mimi nikatokea mlangoni. Mchungaji Barasa akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Haiwezekani, akasema, mama mkwe na mkwe chumba kimoja, wazee watatuambia nini. Kamba za shetani zilikuwa zimemfunga yeye kwanza. Wakashauriana, wakaamua nikae kile chumba cha nyuma ambamo wanawake hupika chai, na maneno yaletwe na kupelekwa na Jeruto.

Jeruto ni mama wa kanisa, mpole, kwao ni huko huko Kapsokwony, aliolewa hapa kwetu. Ndiye alikuwa anachemsha chai. Wakawa wananiuliza jambo, yeye anakuja nalo, mimi najibu, yeye anarudi nalo, na katikati anakoroga sufuria. Akaniambia nisihuzunike, mwalimu akipelekwa kwao atakaa vizuri, ni baridi tu. Nikamwambia sihuzuniki. Akaenda mbele. Nikasikia watu wanaguna, ule mguno wa kuridhika, na sikuelewa wanaridhika na nini, maana mimi nilikuwa nimejibu kwa ukali.

Baada ya muda kidogo mlango wa nyuma, ule unaotoka nje kwenye migomba, ukatiwa giza. Nikainua macho, nikaona mgongo wa mtu. Mkwe wangu alikuwa amezunguka kanisa, akasimama kizingitini, uso wake kwenye migomba. Jeruto akaweka mwiko chini. Kwa mtu ambaye miaka yote aliuliza sababu ya mila hii, alikuwa amesimama sawasawa kabisa, wala hakugeuza hata sikio.

"Mama," akasema kwa migomba. "Ni mimi."

"Naona mgongo."

"Jeruto ameleta neno ambalo najua hukulisema."

"Neno gani?"

"Ati umesema umenisamehe na unaniombea."

Jeruto akainamia sufuria kana kwamba kuna kitu kimezama humo.

"Sijasema hivyo," nikamwambia.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kusikia lenyewe."

Nikamwambia lenyewe basi. Nikamwambia amenifanya mimi, mwanamke aliyemzaa mke wake, kuwa zoezi la darasani. Amewauliza watoto kama nimerukwa na akili, tena amewapa alama kwa kujibu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayefundisha, na hiyo ndiyo tabia yake ninayoichukia zaidi, kwamba yeye hakusema, aliuliza, na katika shairi anayeuliza si lazima awe yule aliyeandika.

"Mtu akisimama sokoni akauliza kama fulani ni mwizi," nikasema, "huyo ameuliza tu?"

Jogoo wa mchungaji akapita katikati ya migomba, akamwangalia mkwe wangu, akaenda zake.

"Na ubeti wa pili je, Mama? Umeuonaje?"

"Ubeti wa pili upi?"

Nikaona mabega yake yanashuka. Akauliza kama mchungaji hakunisomea shairi lote. Nikasema nilisomewa bibi na vumbi na majirani, halafu karatasi ikaingia mfukoni. Basi akaweka mikono nyuma, vidole vikaanza kucheza kimoja kimoja, kama vile nafikiri vilicheza juu ya magunia ya baba yake, akausema kwa kichwa:

Kasisi yu kanisani, baraka azitamka,
Jembe lake li ghalani, kutu imeshalishika,
Aomba maji mbinguni, shimo halijachimbika,
Ni imani au nini, ama akili zaruka?

Jeruto alicheka kwanza, ndipo akashika mdomo. Alikuwa amepita kando ya shamba la mchungaji asubuhi hiyo hiyo, kama sisi sote.

"Huyo kasisi ana suti?" nikauliza.

"Shairi halisemi, Mama."

Kwa hivyo ndiyo sababu chakula kilimshinda mchungaji. Hakuja kwangu kwa ajili ya heshima yangu. Alikuja kuchukua heshima yangu aifunike nayo lile jembe lake. Niliketi pale nikikumbuka viazi vyangu alivyokula, na nikaona kwamba katika maisha yangu nimedharau watu wengi kwa haki, lakini huyu nilikuwa nimempunja.

Hata hivyo sikutaka mkwe wangu adhani ameshinda. Nikamuuliza jibu la swali lake ni lipi, lile la imani na akili kukaa nyumba moja.

"Sina jibu moja," akasema. "Mwanafunzi akisema zinakaa, akatoa sababu nzuri, anapata alama. Akisema hazikai, akatoa sababu nzuri, anapata pia."

"Yaani umeuliza kitu usichokijua."

"Ndiyo, Mama."

"Na serikali inakulipa."

"Kidogo."

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Akaniuliza mimi nilipanda kwa nini. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, si ile ya redioni. Tangu mwezi wa tatu kijiji kizima kilikuwa kimenieleza kwa nini nilipanda, kanisa limenieleza, redio imenieleza, na mtu wa kwanza kuuliza alikuwa huyu, tena kupitia mgongoni.

"Ni Wabwile," nikasema.

"Wabwile jirani?"

"Alisimama pale kwenye ua akaniambia, Mama Edinah usipande bado, ngoja sisi wanaume tuanze kwanza. Nikaenda kuchukua jembe."

Mgongo ukaanza kutikisika, kwanza kidogo, halafu wote, mpaka akashika mwimo wa mlango.

"Mama, hilo halimo kwenye majibu yangu."

"Liweke."

Alipotulia akaanza kusema, Mama, kuhusu hiyo Kapsokwony, naomba, nikamkata hapo hapo. Nikamwambia asiombe. Akiomba nitakataa, na sitaki kusikia neno la duka wala la Edinah. Aondoke hapo mlangoni aende mbali, mpaka kule kwenye goli la wanafunzi, kwa sababu nataka kuingia mbele mwenyewe na Jeruto abaki na chai yake. Akaenda. Nilimwona kwenye nyasi, anatembea haraka na viatu vyake.

Nikaingia. Watu wa bodi wakanyooka. Mchungaji akatabasamu, akaniambia niseme nisiogope, wako na mimi. Nikasimama, sikukaa, nikamwambia atoe ile karatasi amsomee kila mtu ubeti wa pili. Akasema muda umeenda. Mwalimu mkuu, mtu anayekohoa kila panapohitajika uamuzi, akakohoa.

"Basi sikieni," nikasema. "Bibi wa ubeti wa kwanza ni mimi. Matusi hayo ni yangu, na mkwe ni wangu. Nikitaka kukasirika nitakasirika nyumbani kwangu, sitakuja kukasirika hapa ili mpate kazi ya kufanya Jumamosi. Sasa yuko kasisi kwenye ubeti wa pili, jembe lake limeshika kutu. Mimi jembe langu halina kutu. Huyo kasisi ni nani, asimame alalamike mwenyewe?"

Hakuna aliyemwangalia mchungaji. Waliangalia dirishani, na dirisha lile linatazama shamba lake. Magugu yalikuwa yanapepea.

Akasema kwamba ubeti huo ni wa jumla, haumhusu mtu fulani.

"Basi na wa kwanza ni wa jumla," nikasema. "Mbona ulikuja kwangu?"

Mtu mmoja upande wa nyuma akacheka kwa pua. Mwalimu mkuu akaacha kukohoa, akasema haraka haraka kwamba kama mama mwenyewe hana malalamiko, basi bodi haina la kumshtaki mwalimu, aendelee na kazi yake. Wengine wakaitikia, kwa sababu walikuwa wanasikia harufu ya chai. Mchungaji akafunga kwa maombi marefu sana, akiwaombea wote wanaotegemea akili zao wenyewe. Nilikaa macho wazi, nikamwangalia mpaka akamaliza.

Wahome hakuhama. Mpaka leo yuko shuleni pale, anafundisha, wanafunzi wanapita mitihani yao, na watu wanaendelea kumsifu. Jembe bado hajui linashikwa upande gani. Njiani bado anavunja mahindi yangu. Nasikia shairi lile linapewa kidato cha tatu kila mwaka, na sasa swali la mwisho limeongezwa kipande kinachouliza kama kuna sababu nyingine ya bibi kupanda ambayo si imani wala akili. Watoto wengi wanashindwa hapo. Wanaandika njaa.

Siku ile jioni Edinah alikuja na pakiti mbili za sukari na nyama, uso umeoshwa, utepe ameuacha dukani. Akasema Mwalimu anashukuru sana, hajui aseme nini, umemsaidia.

"Mwambie sikumsaidia yeye," nikamwambia. "Niliwanyima wao."

Akasema atamwambia. Sukari niliichukua.